Shingo, kizunguzungu na damu ya ubongo: mwongozo kamili kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Kusini huku, mtu akilalamika kwamba shingo inauma na kichwa kinazunguka, jibu analipata hata kabla hajamaliza kueleza: "Pingili zimesagika, zimebana mshipa, damu haifiki kichwani." Atalisikia kwa jirani, kwa muuza dawa na wakati mwingine hata zahanati. Kuna siku ni kweli. Mara nyingi zaidi shingo ina tatizo lake na kizunguzungu kina chanzo kingine kabisa, na kuvichanganya hivi viwili ndiko kunakoumiza watu. Mmoja anakandwa shingo miaka nenda rudi kumbe ana upungufu wa damu. Mwingine anaanza kiharusi, anapelekwa kuchuliwa mafuta.

Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio ambao ningeutaka kwa mama yangu mzazi: kwanza hatari, halafu kutafuta chanzo, kisha kuihudumia shingo yenyewe.

Jinsi damu inavyopanda kichwani

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Damu yake hupanda kwa mishipa mikubwa minne. Miwili iko mbele ya shingo, ndiyo ile unayoisikia ikidunda ukigusa pembeni ya koromeo. Miwili mingine iko nyuma, na hii hupita ndani ya matundu madogo yaliyo pembeni mwa pingili za shingo. Shingo ina pingili 7. Mishipa hii ya nyuma kwa kawaida huingia kwenye pingili ya 6 na kupanda hadi ya 1, kisha huingia ndani ya fuvu na kuungana kuwa mmoja. Hulisha sehemu ya nyuma ya ubongo, inayosimamia kusimama wima, kuona, kumeza na kutamka.

Ndiyo maana pingili zikiota vijimfupa pembeni, au diski ikiteleza, au shingo ikijeruhiwa, mshipa wa nyuma unaweza kubanwa, hasa mtu akigeuza kichwa sana. Lakini mwili umejiwekea akiba. Chini ya ubongo mishipa yote minne imeunganishwa kwa mzunguko, kwa hiyo mmoja ukibanwa, wenzake huziba pengo. Hivyo shingo peke yake kuukatia ubongo damu ni jambo linalotokea, ila ni nadra. Linalotokea zaidi ni mishipa kuharibiwa na presha, sukari, sigara na mafuta, na shingo ikabebeshwa lawama zote.

Hatua ya 1: Jua dalili zisizosubiri kukuche

Kizunguzungu au maumivu ya shingo yakija pamoja na mojawapo ya haya, ni safari ya hospitali sasa hivi:

- kuona vitu viwili viwili, au macho kufifia ghafla
- ulimi kuwa mzito, maneno kukorogeka
- kushindwa kumeza, kupaliwa hata na mate
- miguu kukatika nguvu ghafla na kuanguka, hata kama hukuzimia
- mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea, ganzi ya upande mmoja
- kuyumba kiasi cha kushindwa kusimama bila kushikwa
- maumivu makali mapya ya shingo au kisogo ambayo hujawahi kuyapata, hasa baada ya ajali ya bodaboda, kuanguka au kuvunjwa shingo, yaani kugeuzwa kichwa kwa nguvu mpaka shingo ilie

Angalia saa na uiandike. Daktari atauliza dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye ubongo, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Usimpe mgonjwa chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini: kiharusi kingine ni cha mshipa kupasuka, na aspirini itazidisha kuvuja. Akiwa hajitambui, mlaze ubavu.

Na dalili zikija zikaondoka baada ya dakika 10, bado nenda siku hiyo hiyo. Hicho ni kiharusi cha kupita, na siku chache zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili. Watu wengi hurudi shambani kwa furaha kwamba "imeshapita". Nakuomba usiwe mmoja wao.

Hatua ya 2: Chunguza kizunguzungu chako kabla ya kwenda kwa daktari

Neno kizunguzungu hubeba mambo mengi. Kuna nyumba kuzunguka, kuna macho kuingia giza, kuna miguu kuyumba kama umeshuka kwenye ngalawa, na kuna ule wepesi wa kichwa wa mtu mwenye njaa. Kila kimoja kina njia yake. Muuguzi anayejua kuuliza humaliza nusu ya kazi kabla hajagusa kipimo chochote. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shingo imekamata, na kizunguzungu hakiniachi."

"Pole sana mama. Kinakuja ukiwa unafanya nini?"

"Wakati wowote tu."

"Asubuhi ukigeuka kitandani?"

"Ehe, hapo ndipo penyewe! Nikigeukia kulia nyumba yote inazunguka."

"Kinakaa muda gani?"

"Nikitulia kidogo kinaisha."

Kwa majibu hayo mama huyu karibu hakika ana tatizo la sikio la ndani. Humo mna chembe ndogo za chokaa zinazotusaidia kujua kichwa kimekaaje. Zikihama mahali pake, kila ukigeuka kitandani, ukiinama, ukiinua macho kutazama korosho juu ya mti au ukisujudu na kuinuka, dunia huzunguka kwa muda usiofika dakika moja. Kwa kuwa linakuja kichwa kikigeuka, kila mtu husema ni shingo. Tiba yake haiko kwenye vidonge. Ni kulazwa na kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu, unaoitwa mbinu ya Epley, na wengi hupata nafuu baada ya kufanyiwa mara moja au mbili. Ufanyiwe na daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba anayeijua, na umwambie mapema kama shingo ina shida ili akugeuze kwa tahadhari.

Kwa wiki moja andika kwenye daftari: kilikuja saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, kilikaa muda gani, ulikuwa umekula na kunywa maji, ulikuwa umemeza dawa gani. Kikija kila unaposimama, fikiria presha kushuka. Kikija ukiwa na mapigo ya moyo kwenda mbio na kuchoka, fikiria damu pungufu. Kikija kila mara ukigeuza shingo upande uleule huku umekaa wima, kikaondoka ukirudisha kichwa katikati, hapo shingo inaingia kwenye orodha ya washukiwa na daktari aambiwe hivyohivyo. Usijijaribu kwa kurudisha kichwa nyuma na kukizungusha ili uone kama kitakuja. Jaribio hilo si la nyumbani.

Hatua ya 3: Vipimo, kwa mpangilio wa akili

Vipimo vya kwanza ni vya kawaida na vingi vinapatikana hata kituo cha afya. Presha ipimwe mara mbili: umelala dakika 5, kisha umesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata chanzo. Omba wapime pia sukari, wingi wa damu na malaria, na wasikilize mapigo ya moyo kama yanaruka. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba. Dawa za presha zilizozidi, za kupunguza maji mwilini na za usingizi huleta kizunguzungu sana kwa wazee.

Kuhusu sinarizini, kidonge kinachotolewa mno kwa kizunguzungu: kwa siku chache kinasaidia. Mzee akikimeza miezi na miezi kinaweza kumletea kutetemeka na kukakamaa kunakofanana na ugonjwa wa Parkinson. Kama bibi yako anakimeza tangu mwaka juzi, mrudishe kwa daktari.

Eksirei ya shingo huja baada ya hapo, na inahitaji kusomwa kwa utulivu. Mtu aliyepita miaka 50 karibu hakosi kuonekana na pingili zilizolika kidogo au vijimfupa vilivyoota, hata kama hajawahi kuumwa shingo. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "kulika kwa pingili" haithibitishi kwamba hizo ndizo zinazokuletea kizunguzungu. Isitoshe, eksirei ya kawaida haionyeshi mishipa ya damu. Daktari akiwa na shaka ya kweli kwamba mshipa umebanwa au umechanika, vipimo vyake ni altrasaundi ya mishipa ya shingo, CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa, au MRI.

Hapa kwetu anzia zahanati au kituo cha afya upate rufaa, kisha hospitali iliyo karibu: Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi mjini, Mkomaindo kwa Masasi, Ndanda na Nyangao kwa walio njia ya kwenda Masasi. Juu yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara. Kabla hujapanda gari, piga simu au mtume mtu aulize kama kipimo unachotakiwa kinapatikana siku hiyo.

Hatua ya 4: Punguza mzigo unaoichosha shingo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu shingo nyingi za huku hazikuharibiwa na uzee tu.

Anza na maji. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Kwenye nyanda za juu za Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kufuata mbali, mwanamke hubeba hizo kilo tangu utotoni, na uzito wote hushukia pingili zilezile 7. Kama shingo imeshaanza kuuma, ndoo kichwani ikome kwa muda. Tumia baiskeli au toroli, au bebeni madumu ya lita 5 mkononi, moja kila upande. Wenye nguvu nyumbani wachukue zamu, na hapa nawaambia akina baba na vijana wa kiume moja kwa moja. Ikishindikana kabisa, iwe lita 10, ngata iwe nene na imekaa katikati ya utosi, mtu wa kukutwisha na kukutua awepo. Shingo huumia zaidi pale unapojitwisha peke yako huku umejikunja.

Kubangua korosho kuna kosa lake. Mtu anakaa kwenye kibao kifupi, kidevu kinagusa kifua, saa baada ya saa. Inua kazi ikufuate: weka ungo au meza ndogo usawa wa tumbo, kaa mahali penye pa kuegemea mgongo, na kila nusu saa simama utembee hatua chache. Wachonga vinyago, mafundi cherehani na wanaotazama simu kutwa wana tatizo hilohilo. Simu iinuliwe ifike usawa wa uso.

Kupulizia mikorosho salfa msimu wa ubwiriunga, ule ukungu unaoshambulia mikorosho, ni kinyume chake: mashine nzito mgongoni, kichwa kimerudi nyuma, macho juu. Mwenye shingo inayouma au anayepata kizunguzungu akiangalia juu ampishe mwingine. Kama huna wa kumpa, simama mbali kidogo na mti ili uangalie kwa mshazari, na pumzika kila baada ya miti michache. Kukwea minazi, kupanda ngazi, kuendesha bodaboda na kwenda baharini peke yako viache mpaka chanzo cha kizunguzungu kijulikane. Sekunde 10 za dunia kuzunguka juu ya mnazi zinatosha kuua.

Usiku, mto mmoja tu, unaojaza nafasi kati ya sikio na bega ukilala ubavu. Mito miwili huisukuma shingo mbele usiku kucha. Kulala kifudifudi huiacha imepinda upande mmoja kwa saa nyingi, kwa hiyo jizoeze ubavu au chali. Kwenye swala, anayepata kizunguzungu akisujudu aswali kwa kukaa kwenye kiti. Ruhusa hiyo ipo kwa mgonjwa.

Hatua ya 5: Mazoezi ya shingo

Usianze mazoezi kama una dalili yoyote ya Hatua ya 1, au umeanguka karibuni. Wengine wote, kaeni kwenye kiti, mgongo umegusa ukuta, miguu chini.

La kwanza ni kurudisha kidevu. Angalia mbele, kisha vuta kidevu nyuma moja kwa moja, bila kuinama wala kuinua uso. Ukipatia, utasikia kisogo kikinyooka na kukaribia ukuta. Hesabu hadi 5, legeza. Fanya mara 10, asubuhi na jioni. Ukichagua zoezi moja tu, chagua hili.

La pili, weka kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume kiganja na kiganja kizuie, kichwa kisisogee hata kidogo. Hesabu 5. Rudia mara 5, halafu kisogoni, halafu kila upande juu ya sikio. Tumia nguvu ndogo. Tatu, vuta mabega nyuma ile mifupa bapa ya mgongoni ikaribiane, hesabu 5, mara 10. Mwisho geuza uso polepole kulia mpaka panapokaza, usilazimishe, rudi katikati, kisha kushoto, mara 5.

Maumivu madogo ya kukaza ni ya kawaida. Kizunguzungu, macho kufifia, ganzi au maumivu yanayoshuka mkononi si ya kawaida: acha hapohapo ukamwone mtaalamu wa mazoezi tiba. Jipe wiki 4 hadi 6. Wengi huacha wiki ya pili, kabla misuli haijajengeka.

Siku za maumivu, kanda kwa kitambaa cha maji moto dakika 15, kisichounguza. Parasetamoli inatosha kwa wengi: vidonge 2 vya miligramu 500, vikipishana saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye tatizo la ini aulize kwanza. Diklofenaki na wenzake hupandisha presha, huchimba tumbo na huchosha figo, kwa hiyo mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo asijinunulie. Kola ya shingo uvae kwa maelekezo na kwa siku chache, maana ukiizoea misuli inalala.

Mambo ya kukataa

Kataa kuvunjwa shingo. Kinyozi akimaliza kunyoa anashika kidevu na kisogo, anakigeuza kwa nguvu, inalia "ka!", mteja anacheka. Mgeuko ule wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa wa nyuma, bonge la damu likajitengeneza na kupanda kwenye ubongo. Imetokea kwa vijana wasio na ugonjwa wowote. Mwambie mapema, "Kaka, shingo usiguse," na aendelee na ndevu. Saluni, kulaza kisogo muda mrefu kwenye beseni la kuoshea nywele kumewahi kuleta kiharusi vilevile. Weka taulo nene chini ya shingo, au oshwa ukiwa umeinama mbele.

Kataa pia kuning'inizwa au kuvutwa shingo na mtu asiye mtaalamu. Kuchuliwa taratibu misuli ya mabega hakuna neno.

Hatua ya 6: Itunze mishipa yenyewe

Hata kama pingili zako zimelika kweli, mshipa laini na safi huvumilia kubanwa kuliko mshipa uliojaa mafuta. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, inahitaji tiba, na dawa zake humezwa kila siku hata ukijisikia mzima. Mwezi wa Ramadhani mwone daktari kabla ya kuanza, mpange zipi zimezwe daku na zipi futari, na unywe maji ya kutosha usiku. Chumvi kwa siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na humo humo hesabu ya samaki wa chumvi. Mtu wa pwani najua inauma, basi mloweke na umwage maji mara mbili kabla ya kupika. Sigara iache. Ukiwa na sukari, ifuatilie.

Ukisimama baada ya kulala, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja, chezesha vifundo vya miguu, ndipo uinuke. Shambani na kwenye mashamba ya chumvi, maji yawe karibu.

Hatua ya 7: Shingo inapohitaji bingwa

Kuna tatizo moja la shingo ambalo watu hulichelewesha kwa kuwa haliumi sana: pingili kubana uti wa mgongo wenyewe. Vidole vinakuwa vizito, kufunga vifungo vya shati ni kazi, kijiko kinaponyoka, miguu inakakamaa, mkojo unachelewa au unatoka wenyewe. Hapo usisubiri mazoezi yafanye kazi. Hali kama hii, na ile ya mshipa uliothibitishwa kubanwa, ndizo zinazoweza kuhitaji upasuaji, na rufaa yake mara nyingi huishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam.

Ukipewa rufaa hiyo, kusanya karatasi ya rufaa, picha zote za vipimo, daftari lako, orodha ya dawa na kadi ya bima, vyote kwenye bahasha moja unayoibeba mwenyewe, isiwekwe kwenye buti. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi, na kichwa kitakuwa kinaanguka kila ukisinzia. Viringisha kanga au taulo, izungushe shingoni ikae chini ya kidevu na pembeni. Chagua kiti cha katikati ya basi ambako mirusho ni midogo, na usafiri na ndugu anayejua dalili za Hatua ya 1. Dawa za siku 3 ziwe mfukoni mwako, na za presha zimezwe kwa saa zake hata mkiwa njiani.